Mtoto wa paka ana viroboto na vidonda: tazama fizi kabla ya kushika dawa

Ujumbe ninaoupata zaidi hapa Moshi huja na picha mbili. Ya kwanza ni ya paka mdogo mwenye vidonda shingoni, ya pili ni ya chupa. Swali huwa fupi: "Nimpake kiasi gani?" Nikikuza picha ya chupa nakuta ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ya mbwa, au ni pakiti ya ule unga wa kuhifadhia mahindi.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni mtu wa Kiboriloni ambaye majirani wamezoea kumwachia vikapu vya watoto wa paka getini. Katika walionifia, wachache walimalizwa na viroboto wenyewe. Wengine walikuja wameshapakwa dawa, na wawili, nakiri, niliwaua mimi kwa kuwaogesha jioni ya mwezi wa Julai. Kwa hiyo hapa chini nitasema "usifanye" mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Kwanza mpime, kisha mfunue mdomo

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na akitimiza wiki 4 huwa kwenye gramu 400 hadi 450 kama ananyonya vizuri. Mzani wa jikoni unatosha. Mimi sina, kwa hiyo nawapeleka dukani kwa mama wa jirani. Tunamweka paka kwenye bakuli juu ya mzani wa sukari, halafu mama anaufuta mzani huku akininung'unikia. Wa mwisho, ambaye kwa rangi yake tulimwita Togwa, alisoma gramu 380. Andika namba yako mahali, utaihitaji kila ukikutana na dawa au daktari.

Kama mzani haupo, angalia meno. Yale madogo ya mbele huanza kuchomoza kati ya wiki ya 3 na ya 4. Asiye na meno hapakwi dawa yoyote uliyojinunulia dukani. Kwake ni chanuo la kuchovya kwenye kikombe cha maji ya sabuni basi, mpaka daktari aseme vingine.

Sasa fizi. Pandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba, mchana, karibu na dirisha, na shika kipande cha pamba pembeni. Fizi za paka mwenye afya ni za waridi. Zikikaribia rangi ya ile pamba, viroboto wamemnywa damu hadi amepungukiwa, na hilo halisubiri kesho. Mfunge kwenye khanga na chupa ya maji ya uvuguvugu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimwogeshe kwanza "ili aende msafi". Kama amelegea na mwili wake ni wa baridi, mpashe joto na umpake tone la maji ya sukari kwenye fizi. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa.

Fizi zikiwa za waridi, endelea kusoma.

"Anajikuna usiku kucha, na ndani ya manyoya kuna punje nyeusi"

Hapa mhalifu wa kwanza ni kiroboto wa kawaida. Huna haja ya kumwona akiruka. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, ilowanishe, kisha chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia ili punje zidondokee juu yake. Subiri dakika moja. Zikitoa rangi ya kahawia yenye wekundu, kama kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyosagwa. Zikibaki nyeusi vilevile ni masizi au udongo, hasa kama paka anashinda karibu na gunia la mkaa.

Dawa ya kwanza ni chanuo la chawa, lile lenye meno yaliyobanana. Weka kikombe cha maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Chana kuanzia shingoni kwenda nyuma, chovya chanuo kwenye kikombe, rudia. Kiroboto aliyetumbukia kwenye maji matupu anaweza kupanda tena. Kwenye maji ya sabuni anazama. Kwa Togwa siku ya kwanza nilihesabu 61 kisha nikachoka kuhesabu. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Inachosha, lakini haijawahi kumuua paka.

Kuogesha ni hatua ya pili, na ni kwa paka mwenye nguvu, fizi nzuri, saa sita mchana jua likiwa kali. Maji yawe ya uvuguvugu, yajaribu kwa kiwiko kama unavyofanya kwa mtoto mchanga. Kabla ya kumlowanisha, zungushia shingo yake pete ya povu. Hii ndiyo siri yenyewe: viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani, na ukianza na mgongo utawakuta wote wamejazana kwenye macho na masikio. Baada ya pete ya shingo ndipo uoshe mwili, uchane akiwa na povu, na usuuze. Kichwa kifute tu kwa kitambaa. Dakika 5 zinatosha. Mkaushe kwa taulo hadi manyoya yasimame, halafu mweke kwenye boksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Usimweke kando ya jiko la mkaa. Moshi wa jiko ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu, sembuse kitu cha gramu 380. Na paka mdogo anayesikia baridi atajisogeza mpaka aungue.

Dawa za matone ya mgongoni zilizotengenezwa kwa ajili ya paka zipo, zikiwemo zenye fipronil, lakini nyingi huruhusiwa kuanzia wiki 8, na kila moja ina uzito wake wa chini kwenye lebo. Hapo ndipo namba ya mzani inapofanya kazi. Usigawe nusu ya dawa ya mbwa. Nyingi za mbwa zina permethrin, ambayo ini la paka haliwezi kuimudu, na nusu ya sumu bado ni sumu.

Ikiwa karatasi imebaki nyeusi na bado anajikuna, hasa akitikisa kichwa, chungulia ndani ya sikio. Uchafu mweusi mkavu unaofanana na masalia ya kahawa kwenye chujio ni dalili ya utitiri wa masikio. Kwa hilo mwone daktari akupe dawa. Kijiti cha pamba kitausukuma uchafu ndani zaidi.

"Pembeni mwa masikio kuna vidoti vyeusi, nikivuta havitoki"

Jiulize kwanza: je, kuna kuku uani? Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Hawa ni viroboto wa kuku, wale unaowaona wamejipanga kwenye uso na undu wa kuku kama punje za ulezi. Hawaruki ovyo kama wenzao. Wanazamisha mdomo kwenye ngozi laini na kubaki hapohapo, kwa paka ikiwa ni kingo za masikio na kuzunguka macho.

Kuwachana hakusaidii. Wapake mafuta ya mgando, tabaka nene, uwaache kwa muda wakose hewa. Kisha wang'oe mmojammoja kwa kibano ukishika karibu na ngozi. Walio kwenye kope waache hapo. Hiyo ni kazi ya daktari, kwa sababu mkono ukiteleza jicho limekwenda. Vidonda vidogo vitakavyobaki vioshe kwa maji ya chumvi nitakayoyaeleza hapa chini. Na banda la kuku lisafishwe siku hiyohiyo, toa takataka zote. Bibi mmoja wa Kibosho alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Mjukuu wangu, yaani paka anaumwa halafu nitibu kuku?" Ndiyo, bibi. Ila ile dawa ya unga unayompaka kuku isimguse paka, na paka asilale bandani.

Kama vidoti ni vikubwa, vya kijivu na vina miguu, hao ni kupe. Kibano, vuta moja kwa moja bila kusokota.

"Ana vidonda vyenye magaga shingoni na mgongoni"

Mara nyingi ni kucha zake mwenyewe: kiroboto kauma, paka kajikuna, ngozi imechanika, bakteria wameingia. Vigaga huwa vidogo, unavihisi kwa vidole kabla hujaviona, kama mchanga chini ya manyoya. Ukimaliza viroboto, vingi hukauka vyenyewe.

Maji ya kuoshea kidonda unayo jikoni. Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Lowesha pamba, iweke juu ya kigaga kwa dakika mbili tatu kilainike, kisha futa taratibu. Usikibandue kwa nguvu. Punguza manyoya yanayogandana na usaha kwa mkasi wenye ncha butu. Rudia mara mbili kwa siku. Asipate nafasi ya kulamba, mvalishe soksi iliyokatwa matundu manne ya miguu. Ya mtoto wa shule inamkaa vizuri.

Vitu ambavyo watu humpaka na ambavyo nakuomba uviache: dawa ya maji ya kuua vijidudu ile inayogeuka nyeupe ukiimimina kwenye beseni, mafuta ya taa, oili chafu, spiriti, na krimu za mchanganyiko za duka la vipodozi. Paka hujilamba. Chochote unachompaka, hesabu umemnywesha. Kuhusu ile dawa ya zambarau, hata kama isingekuwa na shida akiilamba, inaficha kidonda usijue kinapona au kinaoza. Na kwa maumivu usimpe panadol hata kipande: paka hana uwezo wa kuichakata, na kipande kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni vilevile.

Sababu ya pili ni kung'atwa na paka mkubwa. Utaona matundu mawili yaliyokaribiana, na baada ya siku mbili tatu uvimbe wa moto. Ya tatu ni kuungua, nayo huongezeka Juni na Julai paka wanapolala mekoni. Ngozi huwa nyekundu yenye majimaji, upande mmoja tu wa mwili. Zote mbili ni za daktari, kwa sababu zinahitaji antibiotiki au dawa ya maumivu inayopimwa kwa gramu. Hata kwa vigaga vya kawaida, kama usaha unaongezeka, unanuka, au paka ameacha kunyonya, acha maji ya chumvi uende kliniki.

"Manyoya yametoka, ngozi imebaki kipara"

Duara lenye ukingo mkavu wa magamba, mara nyingi usoni, masikioni au miguu ya mbele, na paka hajikuni sana: shuku mashilingi. Ni fangasi, si mdudu wala mnyoo, na anaambukiza watu. Ukiona na mtoto nyumbani ameanza mapunye kichwani au duara mkononi, una jibu lako bila maabara. Mtenge paka kwenye chumba kinachosafishika, nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, na watoto wakae mbali naye kwa sasa. Vimbegu vya fangasi huyu hudumu ndani ya nyumba zaidi ya mwaka, kwa hiyo fagia manyoya na ufue kila kitu. Usimpake zile krimu zenye steroidi. Wekundu unapungua kwa siku chache, fangasi anasambaa chini kwa chini. Matibabu ya kweli huchukua wiki nyingi na dawa hupangwa na daktari.

Kama hakuna duara, bali ngozi imekuwa nene, ya kijivu, yenye magamba kama ukoko, ikianzia kingo za masikio na kushuka usoni, naye anajikuna hadi analia, huo ni upele wa utitiri. Hapa ndipo watu hukimbilia sindano ya ng'ombe ya ivermectin. Hebu tupige hesabu. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Tone moja ni kama mililita 0.05, yaani nusu miligramu. Kipimo cha kawaida dhidi ya utitiri ni miligramu 0.2 kwa kilo, kwa hiyo paka wa gramu 400 angehitaji miligramu 0.08. Tone moja tu, lile unaloona ni dogo, limezidi mara 6. Na walio wadogo sana hawapaswi kupewa kabisa. Mwachie daktari.

"Ana jipu lenye tundu, na kitu kinacheza ndani"

Nimeliona mara tatu, zote kwa paka waliotoka maeneo ya joto chini ya mji. Ni funza wa nzi wa maembe. Anaishi chini ya ngozi na kupumulia kwenye lile tundu. Usilikamue: akipasukia ndani, jipu linaharibika zaidi. Mafuta ya mgando juu ya tundu humfanya asogee nje kutafuta hewa, lakini kwa mtoto wa paka mimi huishia kupaka tu, kuvuta nampa daktari.

Jipu lisilo na tundu, la moto, ni usaha. Na kidonda kilicho wazi chenye mabuu meupe mengi, hasa karibu na mkia, ni dharura, kwa sababu wanakula nyama kila saa inayopita.

"Nilimaliza viroboto, baada ya wiki wamerudi"

Hawakurudi, walikuwepo. Unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo ya ukoo mzima. Jike hutaga hadi mayai 50 kwa siku, na mayai hayashiki kwenye manyoya, yanateleza kama chumvi na kumwagika kila paka anapolala. Lava, yaani mabuu wanaototoka kwenye mayai hayo, hujificha gizani: chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu, chini ya gunia. Kisha hujifunga kwenye kifuko ambacho dawa haipenyi, na kiroboto anaweza kukaa humo miezi, akisubiri joto na mtikisiko wa mtu akipita. Ndiyo maana ukirudi kutoka likizo nyumba iliyofungwa inakupokea kwa kuumwa miguu. Kwa joto letu mzunguko mzima unaweza kuisha kwa wiki 3 hivi.

Kwa hiyo mpe paka kitambaa kimoja tu cha kulalia. Nilinunua taulo mbili za mtumba pale soko la Memorial: moja iko kwenye boksi, nyingine kwenye kamba, zinabadilishana kila siku ya pili. Fua kwa maji ya moto, anika juani, kisha piga pasi, kwani pasi inamaliza mayai yaliyonusurika. Fagia kila siku hadi kwenye kona, na taka zitupe chooni au kwenye maji ya sabuni, zisibaki kwenye kizoleo. Usiku weka sahani ya maji ya sabuni sakafuni na tochi ikimulika juu yake. Asubuhi hesabu waliozama. Ikipita wiki sahani haina kitu, unaanza kupumua, lakini usiache kufagia mpaka zipite hizo wiki 3.

Mama paka na mbwa wa nyumbani watibiwe pia, kila mmoja kwa dawa yake. Mbwa aliyepakwa dawa asikutane na paka hadi akauke kabisa. Ukipuliza dawa chumbani, paka atoke, sakafu ikauke, madirisha yafunguliwe, ndipo arudi.

Ukiona punje kama mchele karibu na njia ya haja kubwa, ni vipande vya tegu, aliyetoka kwa kiroboto ambaye paka alimmeza akijilamba. Dawa ya minyoo ya paka, kwa uzito, baada ya viroboto kwisha.

"Nimeshampaka dawa, sasa anatetemeka"

Kutetemeka, kushtuka ukimgusa, kutoa mate mengi, kuyumba, degedege. Sababu inayoongoza ni permethrin au ndugu zake kama cypermethrin na deltamethrin. Baada yake ni amitraz na dawa za jamii ya oganofosfeti zilizomo kwenye dawa za kuogeshea na za mahindi.

Mwoshe mara moja kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa kuwa moto huharakisha sumu kuingia. Hapa tu ndipo unamwogesha hata kama ni usiku, isipokuwa akiwa kwenye degedege. Hapo mfunge taulo uondoke naye kwenda kwa daktari. Mkaushe, mpashe joto. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi ili atapike. Paka anayetetemeka hamezi vizuri.

Akikung'ata katika purukushani hiyo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni paka mdogo wa kuokota na alama ya jino haionekani vizuri.

Beba chupa au pakiti ya dawa, siyo picha yake, na ile namba ya mzani. Mpigie daktari kabla hujatoka nyumbani. Wengi mchana wako Machame au Uru kwenye ng'ombe wa ndani, na ni bora mkutane naye njiani kuliko wewe kukaa kwenye benchi la kliniki iliyofungwa, paka mapajani.